Namna ya Kuunda Kirekodi cha Joto la Maji ambacho Mtafiti Atakiamini

Mtafiti wa Ziwa Tanganyika anapomjia mhandisi wa mifumo ya kielektroniki, ombi lake huonekana dogo: kifaa cha kuzamishwa majini, kiandike joto kila baada ya dakika 10 na kidumu mwaka mzima kwa betri. Uzito wa kazi umo katika tarakimu. Ziwa hilo lina kina cha mita zipatazo 1,470, lakini tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya vilindini ni digrii chache tu za Selsiasi, hivyo badiliko linalotafutwa huenda likawa sehemu chache za mia za digrii moja. Kabla hujashika chuma cha kulehemu, muulize atavumilia kosa la kiasi gani, na uliandike jibu lake, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata utapimwa kwa jibu hilo.

Tuseme amejibu digrii 0.01. Kihisi kinachofaa ni cha platini, aina ya Pt100, ambacho ukinzani wake ni omu 100 kwenye digrii sifuri na huongezeka kwa takriban omu 0.385 kwa kila digrii. Ukipitisha mkondo wa miliampea 1, digrii 0.01 itaonekana kama badiliko la mikrovolti 4 hivi, kiasi ambacho humezwa kwa urahisi sana. Waya ya shaba yenye unene wa milimita 0.2 za mraba ina ukinzani wa karibu omu 0.09 kwa mita. Kwa kebo ya mita 10, kwenda na kurudi, kosa linapita digrii 4. Kwa hiyo tumia waya nne, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusoma volti. Pitisha mkondo huohuo kwenye rezista ya rejea iliyo thabiti, kisha usome uwiano wa volti hizo mbili, ili mkondo ukiyumba, matokeo yasiyumbe nao. Viungo vya metali tofauti navyo huzalisha mikrovolti zao wenyewe pale joto linapotofautiana. Dawa yake ni kusoma mara mbili, mara ya pili ukiwa umegeuza mwelekeo wa mkondo, na kuchukua nusu ya tofauti ya masomo hayo.

Mkondo pia hukipasha joto kihisi chenyewe. Usikisie ni kwa kiasi gani: soma kwa miliampea 1, kisha kwa nusu yake, ambapo joto hilo hupungua hadi robo, na linganisha masomo hayo mawili kifaa kikiwa majini.

Katika programu ya kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya kifaa, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuhifadhi tarakimu ghafi. Andika kwenye kumbukumbu uwiano uliosomwa, muda, volti ya betri na toleo la programu, na uache hesabu ya digrii ifanywe baadaye, maana mlinganyo wenye kosa unaweza kurekebishwa, ilhali kipimo ambacho kimekwisha kuzungushwa na kusahihishwa ndani ya kifaa hakirudi tena. Kila mstari uupe tarakimu ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na mstari wenyewe, ili ule uliokatwa na betri iliyolegea ujulikane. Mimi mwenyewe niliwahi kukabidhi kirekodi kilichofanya kazi vizuri kwa wiki saba, kisha kikanyamaza: kaunta ya milisekunde ya biti 32 hurudi sifuri baada ya siku 49.7, nami nilikuwa nimelinganisha saa mbili moja kwa moja badala ya kutoa moja katika nyingine. Jaribio langu la maabara lilidumu siku tano. Tangu hapo huianzisha kaunta dakika chache kabla ya kikomo chake, nikaitazama ikivuka.

Kisha lete barafu. Ponda barafu ya maji yaliyokenekwa, ijaze kwenye chupa ya chai, ongeza maji hayohayo hadi yajaze nafasi zilizo kati ya vipande, na umwage yanayoielesha barafu. Zamisha kihisi katikati, kisiguse ukuta wala kitako, subiri hadi masomo yatulie, ndipo uchukue masomo 100. Wastani wake ni sifuri ya kifaa chako, na mtawanyiko wake ndio kelele yake halisi. Kwa kuwa umeme wa gridi yetu ni wa hezi 50, kila somo la maabara lichukue milisekunde 20 kamili au mafungu yake, ili mvumo huo ujifute. Maji yanayochemka usiyategemee kuwa digrii 100. Jijini Nairobi, kwa mwinuko wake, huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kwa nukta za juu peleka kifaa kwenye maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, kama zile za mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS) au Kenya (KEBS), na cheti chake ukiambatishe na data.

Kifaa kitakapotolewa ziwani baada ya mwaka, usibadilishe betri wala kukaza skrubu hata moja kabla hujakirudisha kwenye barafu. Andika sifuri mpya kando ya ile ya mwanzo na umkabidhi mtafiti zote mbili pamoja na tarehe zake, kwa sababu tofauti kati yao ndiyo itakayomwonyesha ni kiasi gani cha badiliko lililorekodiwa ni la ziwa, na ni kiasi gani ni la kifaa.