Kodi ya majengo Texas: jinsi ya kulinganisha kaunti kabla hujanunua nyumba

Mtu akikuambia kodi ya kaunti ya Harris ni kubwa kuliko ya kaunti ya Fort Bend, muulize: nyumba ipi, mtaa upi? Texas ina kaunti 254, na katiba inaizuia serikali ya jimbo kutoza kodi ya majengo. Kodi yote inatozwa na mamlaka za chini: kaunti, jiji, wilaya ya shule, hospitali ya umma, chuo cha jamii, zimamoto, wilaya ya maji. Kila mamlaka hupanga kiwango chake, na bili yako ni jumla ya viwango hivyo. Ndiyo maana nyumba mbili za kaunti moja huweza kupishana kodi kuliko nyumba za kaunti mbili jirani. Wilaya ya shule ya Katy imeingia Harris, Fort Bend na Waller. Kiwango cha shule ni kilekile kote, kinachobadilika ni mistari mingine ya bili.

Kwa hiyo linganisha anwani, si kaunti. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya tathmini ya kaunti husika (kwa Harris ni HCAD), andika anwani, kisha nakili mambo matatu: thamani ya soko, thamani inayotozwa kodi, na orodha ya mamlaka zote zenye viwango vyao. Viwango huandikwa kwa kila dola 100 za thamani. Usiishie kwenye bili ya muuzaji, maana huenda ana misamaha ambayo wewe hutaipata.

Kisha piga hesabu, mstari kwa mstari. Chukua nyumba ya dola 350,000 utakayoishi mwenyewe. Viwango hivi ni vya mfano tu. Nyumba ya kwanza iko ndani ya jiji: shule 0.87, jiji 0.52, kaunti na mamlaka zake 0.60. Msamaha wa makazi, yaani sehemu ya thamani ya nyumba unayoishi mwenyewe isiyotozwa kodi, upande wa shule ni dola 140,000 jimbo zima, tangu wapiga kura walipoupitisha Novemba 2025, na unatumika kuanzia mwaka wa kodi wa 2025. Shule basi inatoza kodi kwa thamani ya dola 210,000 tu, nayo ni dola 1,827. Jiji na kaunti zikitoa punguzo la 20% ya thamani, kila moja inatoza kodi kwa thamani ya dola 280,000: jiji dola 1,456, kaunti dola 1,680. Jumla dola 4,963.

Nyumba ya pili ina bei ileile, ila iko nje ya jiji kwenye mtaa mpya: shule 1.05, kaunti 0.50, wilaya ya maji 0.90. Shule dola 2,205, kaunti dola 1,400 baada ya punguzo la 20%, wilaya ya maji isiyotoa punguzo dola 3,150. Jumla dola 6,755. Tofauti ni dola 1,792 kwa mwaka, kama dola 149 kila mwezi juu ya rejesho la mkopo. Aliyefurahia kutolipa kodi ya jiji anailipa kwa mlango mwingine.

Hiyo wilaya ya maji, wenyeji huiita MUD, ndiyo huwashtua wanunuzi wengi. Hukopa kwa hatifungani kugharamia mabomba, maji taka na mitaro ya mtaa mpya, kisha wakazi hulipa deni kupitia kodi. Kiwango chake kwa kawaida hushuka kadiri nyumba zinavyoongezeka na deni linavyopungua. Muuzaji anatakiwa kisheria akupe taarifa ya maandishi yenye kiwango na deni lake. Isome kabla hujatia saini.

Punguzo la asilimia ni uamuzi wa kila mamlaka, na sheria inaruhusu hadi 20%. Kaunti ya Harris inatoa 20%. Kwingine huenda ukakuta kidogo au hakuna. Hapa ndipo kaunti zenye viwango vinavyokaribiana huachana kwelikweli.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni la nyumba mpya. Tathmini hufanyika kwa hali ya Januari 1. Kama siku hiyo palikuwa na kiwanja kitupu, bili ya mwaka huo ni ya kiwanja. Benki nayo ikikadiria makato ya kila mwezi (fedha inazokusanya pamoja na rejesho la mkopo ili ilipe kodi) kwa bili hiyo, mwaka unaofuata nyumba nzima inatozwa, akaunti ya makato inapungukiwa, na malipo yanapanda ghafla kwa mamia ya dola. Piga hesabu kwa bei ya nyumba iliyokamilika, na iambie benki ikate kwa kiasi hicho tangu mwanzo. Nyumba ya zamani ina mtego unaofanana. Thamani inayotozwa ya makazi haiwezi kupanda zaidi ya 10% kwa mwaka, lakini kinga hiyo ya muuzaji huisha Januari 1 baada ya mauzo, na thamani inayotozwa huweza kuruka hadi ya soko.

Ukishahamia, jaza fomu 50-114 kuomba msamaha wa makazi. Ni bure, barua zinazodai ada ya kukujazia zitupe. Anwani kwenye leseni yako ya udereva au kitambulisho cha Texas lazima ilingane na ya nyumba, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Badilisha leseni kwanza. Mwisho wa kawaida ni Aprili 30, ingawa waliochelewa wana muda wa ziada.

Taarifa ya thamani ikija, mara nyingi Aprili, kagua futi za mraba. Gereji iliyohesabiwa kama chumba inapandisha thamani kila mwaka. Pingamizi dhidi ya thamani huwasilishwa kufikia Mei 15 au ndani ya siku 30 tangu taarifa itumwe, lolote lililo la baadaye. Omba kwa maandishi ushahidi wa ofisi ya tathmini. Wanapaswa kukupa angalau siku 14 kabla ya kikao. Peleka picha za nyufa, makadirio ya fundi na bei za nyumba zinazofanana. Kulalamika kwamba kodi ni kubwa hakusaidii, kwa sababu bodi inayosikiliza pingamizi inaangalia thamani, si viwango. Na kama soko linasema dola 400,000 huku kinga ya 10% imekuweka kwenye 320,000, kushusha thamani ya soko hadi 380,000 hakupunguzi hata senti mwaka huo.

Bili hutoka kuanzia Oktoba, na mwisho wa kulipa ni Januari 31. Februari 1 inaongezeka 7%, faini na riba, na riba huendelea kupanda kila mwezi. Ikifika Julai 1 bado hujalipa, faini inafika 12%, na gharama za wakili wa kukusanya deni zinaweza kuongeza hadi 20% juu yake.