Jinsi ya kuchimba historia ya lugha mtaani kwenu hapa Uganda

Ukitaka kujua lugha ya kwenu imetoka wapi usianze na maneno, anza na safari za watu. Muulize mzee baba yake alitokea wapi, aliletwa na nani, alifanya kazi gani, nyumbani mama alikuwa anaongea nini na baba anaongea nini. Maneno yatakuja yenyewe. Ukimkalisha mtu ukaanza tu "hiki mnakiitaje, na kile je" utatoka na orodha ndefu ambayo haina hadithi ndani yake.

Chukua Bombo, hapo barabara ya Gulu. Wanubi wa pale wana Kinubi, lugha ambayo maneno yake mengi sana yametoka kwa Kiarabu lakini Mwarabu wa Cairo akiisikia anapotea. Sasa Kiarabu kimefikaje Bombo? Emin Pasha alikuwa gavana wa Equatoria, jimbo la Misri huko kusini mwa Sudan, vita vya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi huko Sudan, vikamfungia njia, 1889 akaondoka na msafiri Stanley kwenda pwani, askari wengi wakabaki na familia zao karibu na Ziwa Albert, halafu 1891 akaja Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza, akawachukua kuwafanyia kazi Waingereza. Hao askari walikuwa wa makabila mengi, wake zao hivyo hivyo, kilichowaunganisha kambini ni Kiarabu cha amri na cha sokoni, wakakirahisisha, na watoto waliozaliwa pale wakakikuta ndiyo lugha ya nyumbani. Lugha ya namna hiyo wataalamu wanaiita krioli. Ndugu yake yuko Juba, na mpaka leo Mnubi na mtu wa Juba wakikutana wanaelewana mambo mengi tu. Orodha ya maneno peke yake haingekuonyesha hata robo ya hayo.

Kwa hiyo tafuta mtu mwenye safari. Wengi wanakimbilia mzee mkubwa wa ukoo, na kweli anajua mengi, lakini mimi nakwambia usiwaache akina mama walioolewa kutoka mbali, maana yule aliingia nyumba yenye lugha nyingine akalazimika kujifunza, anakumbuka vizuri sana nani alimcheka na nani alimfundisha. Nenda na mtu anayefahamika pale, salimia kwanza, mwite mzee au mama au hajati kama ni hajati kweli, Ijumaa mchana usiende kwa Waislamu. Eleza unataka nini na sauti itaenda wapi, akikataa kurekodiwa andika kwa mkono, na akikataa hata hilo kunywa chai kisha umuage.

Kwa kurekodi, simu inatosha. Iweke flaiti mode ili isilie katikati, iwe karibu na mdomo wake juu ya kitambaa kilichokunjwa, sio moja kwa moja mezani maana kila kikombe kikiguswa utasikia kishindo. Kaeni mbali na barabara, boda zinaua sauti kabisa. Mwanzoni sema tarehe, mahali na lugha, utashukuru baadaye.

Baada ya safari ndiyo uende kwenye maneno. Kuna orodha ya maneno 100 ya Mmarekani Morris Swadesh, vitu kama maji, moto, jicho, kula, kufa, alichagua hayo kwa kuwa watu hawapendi kuyaazima kwa jirani. Inasaidia, ila usiiamini kupita kiasi, na namba ndiyo kabisa, maana Kiswahili chenyewe kimechukua sita, saba na tisa kwa Waarabu huku moja mpaka tano zikabaki za Kibantu. Na usiruhusu sikio lako likutafsirie. Mama wa Kinubi akisema moyo anataja maji, kwa hiyo kila neno mwombe akuonyeshe kwa kidole au alitumie kwenye sentensi.

Miaka ni shida, wazee wengi hawashiki tarehe, na ukiwabana watakupa yoyote. Tumia matukio: ilikuwa kabla ya uhuru wa 1962 au baada? Wahindi walipofukuzwa 1972 ulikuwa umeshaolewa? Amin alipoanguka 1979 mlikuwa mnaishi wapi? Hapo anakumbuka mpaka alivaa nguo gani.

Ukiulizia Kiswahili jiandae, utaambiwa hiyo ni lugha ya askari na wezi. Usibishane, huo ni ushahidi, andika. Uliza alikisikia mara ya kwanza wapi na kutoka kwa nani, mara nyingi ni kambini au roadbloku, kwa sababu KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ilitoa amri kwa Kiswahili na majeshi yaliyofuata yakaendelea hivyo hivyo. Ila chimba zaidi ya hapo. 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kiingie shule na ofisi, 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akaandika kupinga, na maaskofu nao walipinga. Amin akakitangaza lugha ya taifa 1973. Na hiki ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote: ile kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuwa taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 1952 mpaka 1962 ilikaa Makerere! Hapa hapa Kampala, mji ambao tunaambiwa kila siku haukuwahi kukitaka Kiswahili.

Hadithi ya mtu mmoja usiibebe kama ilivyo. Tafuta wa pili ambaye si ndugu yake, wakitofautiana andika zote mbili, kisha nenda Makerere kwenye maktaba kuu, sehemu ya Africana yenye maandishi ya Afrika, au kwenye nyaraka za taifa pale Wandegeya uangalie karatasi zinasemaje.

Mwisho rudisha kazi. Weka sauti kwenye memori kadi uipe familia, faili uzipe majina yanayoeleweka, mahali, lugha na mwaka, na nakala moja uweke mbali na simu yako maana simu zinaibiwa.