Mrushaji ahesabiwe mipira
Mnaoendesha ligi ya besiboli ya watoto hapa Kisumu, wekeni mzazi mmoja pembeni na daftari, kazi yake kuhesabu mipira anayorusha kila mrushaji, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira. Kanuni za Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, zinaruhusu mipira 85 kwa siku kwa watoto wa miaka 11 na 12, na 75 kwa wa miaka 9 na 10. Akirusha 66 au zaidi, apumzike siku nne. Msimwachie kocha hesabu. Timu yake ikiongoza, hesabu hupungua yenyewe. Mimi humchagua mama wa timu pinzani, huyo hana huruma. Daftari litunzwe: aliyechoka Jumamosi asirushe tena Jumatano, hata akilia.