Jinsi ya kusoma jedwali la wapigaji bora wa besiboli, mfano msimu wa 1941

Ukizoea orodha ya wafungaji wa mpira wa miguu, jedwali la besiboli litakuchanganya, maana anayeongoza si lazima awe ndo kapiga nyingi kuliko wote. Tuchukue American League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, ya 1941, kwangu mimi hakuna msimu mzuri kama huu wa kujifunzia.

Anza na wastani. Unachukua hiti, yaani mara alizopiga mpira akafika salama kwenye beisi (kituo cha kukimbilia uwanjani) kwa pigo lake mwenyewe, unagawanya kwa zamu zake rasmi. Ted Williams wa Boston Red Sox: hiti 185, zamu 456, toa kalkuleta ya simu, inakuja 0.4057 na kwenye jedwali inaandikwa .406. Sasa angalia Cecil Travis wa Washington, yeye ana hiti 218, nyingi kuliko Williams na kuliko wote kwenye ligi ile, ila zamu zake ni 608 kwa hiyo anaishia .359. Joe DiMaggio wa Yankees yuko nyuma yake kidogo tu, .357.

Hapo kwenye zamu ndo watu wengi wanapotea. Mrushaji akikosea mipira 4 mpigaji anapewa beisi ya bure, na hiyo haihesabiwi kama zamu rasmi, na Williams alipewa karibu mara 150 mwaka ule kwa sababu warushaji walikuwa wanamwogopa kabisa. Kwa hiyo usiishie kwenye wastani, nenda safu ya OBP, yaani kiwango cha kufika beisi, inayojumlisha na hizo beisi za bure, utamkuta ana .553, yaani zaidi ya nusu ya mara zote aliposimama kupiga alifika beisi. Hiyo namba ni kubwa mno jamani, kwangu inaizidi hata ile .406.

Halafu cheki nguvu: homurani, yaani pigo ambalo mpigaji anazunguka beisi zote. Williams 37, DiMaggio 30, Travis 7 tu. Ukiona wastani wa Travis na DiMaggio umelingana hivyo halafu homurani zimeachana hivi, ushajua ni wapigaji wa aina mbili tofauti.

Kuna vitu jedwali halikuonyeshi, hivyo fungua rekodi za mechi moja moja. DiMaggio alipata hiti mechi 56 mfululizo, Mei 15 hadi Julai 16, na tuzo ya mchezaji bora akapewa yeye. Williams naye, asubuhi ya Septemba 28, siku ya mwisho, alikuwa na hiti 179 kwa zamu 448, gawanya uone: 0.39955, ukikadiria ni .400 kamili, na kocha wake Joe Cronin alimwambia anaweza kupumzika alinde namba yake. Akakataa, akacheza mechi zote mbili pale Philadelphia akapiga hiti 6 kwa zamu 8. Hayo yote yamejificha ndani ya ile .406.

Mwisho angalia ligi. Utasikia kwamba tangu 1941 hakuna aliyefika .400, ni kweli kwa American na ile ligi kuu nyingine, National, lakini 2024 MLB, chombo kinachosimamia ligi hizo mbili, iliingiza rasmi takwimu za Negro Leagues, ligi za wachezaji weusi waliokuwa wametengwa na ligi kuu, na Josh Gibson yupo pale na .466 ya 1943.

Ukitaka zoezi, fungua 1957 uwalinganishe Williams na Mickey Mantle, anza na OBP.