Kabla Hujalipia Kamera ya Kwanza, Tazama Kilichoondolewa

Napiga picha za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza: "Dada, nimejichanga, ninunue kamera gani?" Sianzi kwa kuwatajia jina la kamera. Naanza na mambo ambayo boksi halisemi.

Kamera ya mtu anayeanza hupatikana kwa kupunguza. Kampuni huondoa kitu hiki na kile mpaka bei ishuke, na vingi vinavyoondolewa ni vile ambavyo mnunuzi mgeni hawezi kuvigundua akiwa amesimama dukani. Utaratibu huu ni wa siku nyingi. Mwaka 2003 Canon ilitoa kamera ya 300D kwa dola 899 bila lenzi, wakati 10D ilikuwa imetoka kwa dola 1,499. Zote mbili zilikuwa na megapikseli 6.3. Ile ya bei ndogo ilipewa bodi ya plastiki, na baadhi ya uwezo wake ulifungwa kwenye programu ya ndani. Watumiaji walipoichezea programu hiyo, ISO 3200, yaani wepesi mkubwa wa kamera kupokea mwanga gizani, ikafunguka. Kumbe ilikuwamo muda wote. Siichukii kamera ile, kwa sababu iliwafungulia mlango watu wengi ambao wasingeweza kununua nyingine. Ninachotaka ni wewe ujue umepunguziwa nini kabla hujatoa hela.

Kwanza andika kwenye karatasi kazi utakayoifanya: kicheni pati ukumbini, picha za pasipoti, video za mtandaoni, au watoto wako nyumbani. Usiiache karatasi hiyo nyumbani.

Pili, usivutwe na namba kubwa iliyo mbele ya boksi. Megapikseli 24 ni nyingi kweli, lakini picha ya A4 iliyochapishwa safi inatosheka na karibu 9. Karibu kila kamera ya siku hizi imeshavuka hapo, kwa hiyo namba hiyo haikusaidii kuchagua.

Mimi hufundishia Canon 2000D na mdogo wake 4000D, zote za mwaka 2018, maana ndizo vijana wengi wanazoletewa mezani. Jua pia kwamba 2000D ina majina mengi: Marekani ni Rebel T7, Japani ni Kiss X90, sehemu nyingine za Asia ni 1500D. Muuzaji akikuambia T7 ni "toleo la juu zaidi", mshukuru kisha endelea na ukaguzi wako.

Toa lenzi utazame pete inapofungiwa. Kwenye 2000D ni ya chuma, kwenye 4000D ni ya plastiki. Kwa mtu wa kubadilisha lenzi kila wikiendi, hiyo peke yake inatosha kuamua. Tafuta tundu la kuchomekea maiki: hakuna, kwenye zote mbili. Kama karatasi yako inasema video za mahojiano, utalazimika kurekodi sauti pembeni na kuja kuiunganisha baadaye, kila mara.

Sasa angalia kichwani, pale flashi ya nje inapokaa. Hapa huwa nasimama kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo kazi ya ukumbini inapokwama. Kamera nyingi zina kidoti cha chuma katikati, kikubwa kuliko vile vidogo vya nyuma yake. Hicho ndicho kinachoiamuru flashi ilipuke. 2000D na 4000D hazina kidoti hicho. Flashi za Canon zenyewe zinafanya kazi, ila zile za bei nafuu na triga za kawaida (vifaa vya kuiamuru flashi ikiwa mbali na kamera) zinazokitegemea hazifanyi kazi kabisa. Kijana hununua taa mbili na miavuli yake, anafika kwenye sendofu, giza. Kama tayari unayo kamera hii, ipo njia: iweke flashi ya nje kwenye hali ya S2, ile ya kulipuka ikiona flashi nyingine, kama inayo, kisha tumia ile flashi ndogo ya kamera kuiamsha. Ndani ya ukumbi inaenda vizuri. Juani usiitegemee.

Nikon nao wana lao. Tangu D40 ya mwaka 2006 hadi D3500, kamera zao za kuanzia hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D utakayouziwa mtumba kwa bei nzuri itashika, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Omba lenzi yenye herufi AF-S, ambayo ina mota yake ndani.

Tukija kwenye lenzi inayokuja na kamera, soma maandishi ya mbele. 18-55mm ya Canon ipo yenye herufi IS, inayopunguza mtikisiko, na ipo isiyo nazo. Kwenye picha ya boksi huwezi kuzitofautisha kirahisi. Ile ndefu ya 75-300mm III inayoongezwa ili iitwe "seti ya lenzi mbili" ni muundo wa mwaka 1999 na haina IS. Ukiona imepandisha bei, iache. Begi, stendi nyepesi na vioo vya kuskrubu mbele ya lenzi navyo viache, uombe bei ipungue.

Hela hiyo iweke kwenye 50mm f/1.8. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga la lenzi ni kubwa. Ukivuta 18-55mm hadi mwisho, inabaki na f/5.6. Hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Bibi harusi akiwa chini ya taa za zambarau, utaiona tofauti bila kuelezwa. Haizumu, na kwenye bodi hizi inabana sana kwa picha ya ukoo mzima sebuleni, kwa hiyo 18-55mm usiiuze.

Siku ya kununua nenda na memori kadi yako, na kama una triga au maiki, vibebe. Zima flashi, piga kona yenye giza ya duka kwa ISO 1600, kisha 3200, uzikuze picha kwenye kompyuta kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa usijaribu, toka. Kariakoo duka la pili halipo mbali.