Mkono Unakufa Ganzi kwa Kompyuta? Uliza Kwanza Ni Kidole Gani

Wagonjwa wangu wengi wa mikono huanza hivi: "Mkono wote unakufa ganzi." Nami huwaomba kitu kimoja: usiku ganzi ikiwaamsha, wawashe taa na kugusa kidole kimoja kimoja. Wakirudi, mara nyingi si mkono wote tena. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Sikiliza vidole

Ikiwa ganzi au michomo kama ya sindano iko kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, huku kidole kidogo kikiwa salama, shuku neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo pana njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa, na juu yake pamefunikwa na utando mgumu usiovutika. Ndani yake hupita kano 9, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na neva hiyo moja. Ukikunja kifundo, kwenda juu au chini, nafasi hupungua na neva ndiyo inayoumia. Kwa kuwa wengi wetu hulala tumekunja viganja, ganzi huzidi usiku. Mtu huamka, akakung'uta mkono kana kwamba anakausha maji, akapata nafuu. Mgonjwa akinionyesha mkung'uto huo kabla sijamuuliza, huwa nimeshapata nusu ya jibu.

Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya kile cha pete, achana na kifundo kwanza, tazama kiwiko: je, unakiegemeza kwenye ukingo wa meza? Na maumivu ya upande wa dole gumba, yanayokupata unapokamata au kusokota kitu, kwa kawaida ni ya kano. Simu nayo huyaleta.

Kompyuta isibebeshwe lawama zote. Ujauzito, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango huleta ganzi hiyohiyo, kwa hiyo mwambie daktari hali yako yote.

Hatua ya 2: Jipime

Kutanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukae hivyo sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vile vya kwanza, shaka inaongezeka. Isipokuja, usijihesabu mzima; kipimo hiki hukosea pia.

Hatua ya 3: Nyoosha kifundo kazini

Geuza kibodi uone vile vimiguu vya nyuma. Vikunje. Vinainua kibodi na kukulazimisha kupinda viganja kwenda juu kutwa nzima. Kisha pandisha au shusha kiti mpaka viwiko vilingane na kibodi, mabega yamelegea. Kipanya kikae ubavuni mwa kibodi, usikifuate kwa kunyoosha mkono, na usikikamate kama kinataka kutoroka. Kile kimto cha mbele ya kibodi ni cha kupumzikia. Ukichapa huku umekilalia, unaikandamiza njia ileile.

Kila nusu saa, ondoa mikono kwa dakika moja au mbili. Fumba na ufumbue ngumi taratibu, usivute mpaka iume.

Hatua ya 4: Linda usiku

Vaa mkanda wenye ubapa unaoshikilia kifundo kikiwa kimenyooka. Usiukaze mno. Wape mkanda na mkono wako wiki kadhaa; wengi huukatia tamaa siku ya tatu.

Hatua ya 5: Usingoje

Nenda kwa daktari mapema ikiwa ganzi haikuachi mchana wala usiku, vikombe vinakuponyoka, au kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi. Kisha weka viganja viwili sambamba chini ya mwanga na utazame mnofu ulio chini ya dole gumba. Ukiona upande mmoja umebonyea kuliko mwenzake, misuli imeanza kunyauka kwa kukosa neva. Hapo mazoezi yangu hayatoshi. Anayehitajika ni daktari, na huenda ikabidi upasuaji wa kuukata ule utando mgumu wa kifundo ili neva ipate nafasi.