Kulinganisha miksi za zilipendwa kwa wimbo mmoja

Grosari yangu iko Kanyenye, hapa Tabora, na Jumapili jioni wateja wangu wengi ni wastaafu wa reli. Hawa huwezi kuwadanganya kwa zilipendwa. Walizicheza zikiwa mpya, suruali za bugaluu mwilini. Siku moja niliwawekea miksi niliyotoka kuinunua mjini, ya saa nzima, imeandikwa nyimbo 40. Mzee mmoja akamwinua mkewe wacheze. Hata hawajauzoea wimbo, ukakatwa, ukaingia mwingine. Wakajaribu tena, ukakatwa. Wakarudi kukaa. Baadaye akaniita taratibu: "Mama Zuhura, mwanangu, mbona nyimbo zote wanazizima kabla hazijachemka?"

Tangu hapo sinunui miksi bila kuipima, na nikikuta tatu au nne mezani kwa muuzaji nazipambanisha kwa wimbo mmoja tu.

Chagua wimbo unaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi, na ambao miksi nyingi haziwezi kuuacha. Mimi natumia "Dada Asha" wa Tabora Jazz, utunzi wa Shem Karenga, kwa sababu hapa kwetu miksi ya zilipendwa isiyo nao haitoki. Ukiwa Morogoro labda utachukua wa Mbaraka Mwinshehe. Uwe nao mzima kwenye simu yako, peke yake, usiounganishwa na kitu. Huo ndio kipimo chako. Kisha omba kila miksi ipelekwe mpaka pale wimbo huo ulipo, usikilize unavyoingia, unavyokaa na unavyotoka. Muuzaji atakununia kidogo. Mvumilie, hela ni yako.

Lakini hata kabla ya kusikiliza, gawanya. Dakika 60 kwa nyimbo 40 ni dakika moja na nusu kila wimbo. Nyimbo nyingi za dansi zinakwenda dakika tano, sita, nyingine zaidi. Sasa hiyo dakika moja na nusu inakupa nini? Inakupa gitaa la mwanzo na ubeti mmoja, basi. Mimi nikiona chini ya dakika nne kwa wimbo, narudisha mezani. Miksi za zamani za CD zilikuwa na adabu ya lazima, maana CD inabeba dakika 80 tu na haidai kuwa na zaidi. Flashi haina mpaka, na hapo ndipo watu walipoanza kujisifia wingi.

Hili la chemko nataka tukae nalo, kwa sababu ndilo linalotenganisha miksi na miksi. Wimbo wa dansi una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni masimulizi: mwimbaji anatoa kisa chake, magitaa yanamsindikiza, watu wanacheza polepole wameshikana. Mguu wa pili ndio chemko. Maneno yanapungua, solo inapanda, ridhimu inakaza, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, watu wanaachiana mikono. Kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 wimbo mrefu uligawanywa, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, na mara nyingi chemko ndilo lililoangukia upande wa pili. Baba yangu alikuwa na mashine ya santuri, na kazi yangu utotoni ilikuwa kugeuza upande haraka kabla wageni hawajapoa. Kuna ma-DJ ambao wamechukua upande wa kwanza tu, hawajui kwamba kuna wa pili. Utawatambua: wimbo unafifia katikati ya gitaa, unazimika kama taa ya mafuta. Na kuna wengine wanaofanya kinyume, wanaruka masimulizi yote na kuingia moja kwa moja kwenye chemko. Hao nao siwapendi. Chemko bila kisa ni kama kumkuta mtu analia hujui kafiwa na nani.

DJ anayejua huunganisha pande mbili usisikie mshono, halafu hutoka mwishoni kabisa mwa chemko.

Maungio nayo yana kanuni yake. Muziki wa klabu za Ulaya unaopigwa na mashine una mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana ma-DJ wa kule wanaweza kulaza wimbo juu ya mwingine dakika nzima na miguu isijue. Bendi zetu zilipigwa na watu, na watu wakifika kwenye chemko wanaongeza mwendo bila hata kuambiana. Ukizilaza nyimbo mbili za namna hiyo kwa muda mrefu, ngoma zinagongana kama vyungu kwenye mkokoteni. Kwa hiyo usimpe DJ alama kwa maungio marefu. Mpe alama kwa maungio mafupi yanayoangukia mahali sahihi.

Wengine, kukwepa kugongana huko, wanaukaza wimbo, yaani wanauongezea mwendo. Ukiukaza kwa asilimia sita tu, sauti inapanda nusu toni, na mwanaume mzima anaanza kuimba kama kijana aliyetahiriwa jana. Zipo programu zinazokaza mwendo bila kupandisha sauti, kwa hiyo usitegemee sikio peke yake. Chukua simu, pima sekunde kuanzia neno la kwanza la ubeti mpaka kiitikio cha kwanza, kwenye kipimo chako na kwenye miksi. Zikipishana sekunde tatu nne, umekazwa.

Usafi wa sauti unaonekana kwa hesabu pia. Angalia ukubwa wa faili, ugawanye kwa dakika. Ikija MB moja hivi kwa dakika, hiyo ni MP3 ya kilobiti 128. Kwenye redio ya gari inapita, kwenye spika kubwa haipiti. Ikifika MB mbili na nukta, ni ya kilobiti 320. Ila faili kubwa si ushahidi kamili, maana wapo wanaochukua wimbo uliochakaa na kuuhifadhi upya kwa ukubwa. Sikiliza manyanga. Yakisikika kama mchanga unaomwagwa kwenye maji badala ya punje zinazogonga, ule wimbo ulishaharibika zamani.

DJ anayeongea juu ya mwimbaji, simnunui. Sina maelezo zaidi.

Majina nayo yasome kwa makini. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Nimeona miksi ikitangaza "bendi nne" na zote ni hiyo moja. Morogoro Jazz na Super Volcano kweli ni bendi mbili, ila Mbaraka Mwinshehe ni yuleyule. Mtu aliyekosea majina mara nyingi hakuzitafuta nyimbo mwenyewe, kachota tu.

Mwisho nenda na mbili zilizobaki mbele ya wachezaji. Mimi naweka ya kwanza Jumapili hii, ya pili Jumapili ijayo, saa ileile, spika zilezile, na simwambii mtu. Nahesabu wangapi wanasimama, na wangapi bado wamesimama wimbo unapobadilika. Hicho cha pili ndicho kikubwa, kwa sababu kusimama ni sifa ya wimbo, lakini kubaki ni sifa ya DJ.

Sasa hivi nina tatu. Ya nyimbo 40 naiweka mchana watu wakila, hakuna anayeisikiliza. Ya pili ina sauti safi ila imekazwa, nayo vijana wanaipenda. Ya tatu ina nyimbo 11 tu, faili zake si safi sana, kuna mahali santuri inakwaruza. Yule mzee na mkewe waliinuka wimbo wa pili, na nilipokwenda kukusanya chupa walikuwa wamefika wa tano.